Kete Nyeusi na Siku ya Kutoa Sadaka

Jumatatu, 3 Machi

Ndengu za gunia la pili zimeingia wadudu. Nimechekecha asubuhi nzima pale kibandani, pua imejaa vumbi, na mteja wa kwanza ananiuliza kama ni za msimu huu. Ni za msimu huu. Gunia ndilo limekaa.

Jioni ugali na sukuma. Baba Neema akapanga kete kabla sijamaliza kuosha sufuria. Nimecheza nyeusi. Amenishinda. Si habari. Tangu anifundishe sataranji sijamshinda hata siku moja. Sare tumetoka, mara chache, na kila sare ananiambia "umejaribu", kama anavyomwambia binti yetu Neema akileta ripoti ya shule. Leo kasema ninyi Wakamba mnajua kuchonga farasi, kumwendesha ndiyo hamjui. Nikamwambia Mluhya hapiti chakula mezani, ndiyo maana anakula kila askari anayemwona. Tulicheka wote wawili. Yeye alicheka zaidi.

Klabu yetu ya sataranji inakwenda Nakuru mwezi ujao kucheza na timu za huko. Viti ni vinne. Vitatu vina wenyewe. Cha nne tunakishindania sisi wanne: mimi, Baba Neema, Kevo wa kurekebisha simu kule Buruburu, na Mumo karani.

Nakitaka hicho kiti. Nakiandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Nimetoka Nairobi mara nyingi, lakini siku zote kwa shughuli ya mtu mwingine. Matanga. Mahari ya shemeji. Kumpeleka Neema bweni. Sijawahi kupanda gari kwenda mahali kwa kuwa mimi, Mwende, ndiye niliyeitwa. Nina miaka arobaini na mbili.

Baba Neema naye anakitaka. Mwaka jana aliachwa nje, mwaka juzi pia. Hakusema kitu, lakini niliona.


Jumatano, 5 Machi

Biashara baridi. Mvua imetishia, haikunyesha. Mchana nimecheza kwenye simu na watu nisiowajua, huyu yuko sijui wapi, yule sijui wapi. Michezo mitatu, yote nyeusi, yote nimetoa Sadaka. Nimeshinda miwili.

Sadaka ni jina langu. Vitabuni ina jina la mji wa Ulaya, lakini mimi sijafika huko. Ni hivi: mweupe akifungua kwa askari wa malkia, wewe unatoa farasi. Akileta askari wa pili kando ya yule wa kwanza, wewe unasukuma askari wa mfalme wako hatua mbili na kumweka mdomoni mwake. Bure. Ale. Mtu akiona hivyo anadhani umekosea. Anakula, halafu farasi wako anaruka mbele kumdai huyo askari, na mweupe akijaribu kumshikilia kwa nguvu anajikuta vitu vyake vyote vimesongamana. Mwenye tamaa anaumia. Mtulivu anakurudishia askari wako na mnaendelea kama kawaida, tena yeye akiwa mbele kidogo.

Kwa hiyo si dawa ya kila mtu. Nimeijaribu tangu mwaka jana hapa kibandani. Klabuni sijawahi kuigusa. Baba Neema hajui kwamba ipo.

Na sababu ya kutoigusa ni sheria ya Mwalimu Odongo, kapteni wetu. Anaiita haki ya aliyeshindwa. Mchezo ukiisha, aliyeshindwa anaweza kusema "nionyeshe", na mshindi lazima arudishe kete zote na kueleza kila kitu mbele ya watu wote: alikuwa anataka nini, aliogopa nini, angefanyaje kama mwenzake angecheza hivi au vile. Bila kuficha. Kuna jamaa alidanganya mwaka juzi, Mwalimu akamkalisha benchi mwezi mzima. Mgeni akija anashangaa. Sisi tumezoea, na kusema kweli ndiyo iliyotufundisha wote. Lakini maana yake ni moja. Silaha mpya klabuni unaitumia mara moja tu. Jumamosi ijayo hata watoto wanaijua.


Jumamosi, 8 Machi

Kura imepigwa. Ukumbi wa kanisa Makongeni ulikuwa na baridi, mtu kasahau dirisha wazi tangu ibada ya katikati ya wiki.

Baba Neema atacheza na Mumo. Mimi na Kevo. Mwalimu akaficha kete mikononi, nikagusa mkono wa kushoto, nyeusi. Jumamosi ijayo.

Washindi wawili ndio watakaocheza fainali ya kiti.

Kevo ni kijana mwenye adabu, lakini anacheza kama mtu aliyeacha maji yakichemka nyumbani. Haraka, na anakula kila kinachotolewa. Kila mara anafungua kwa askari wa malkia. Mimi humjibu kwa Ukuta, ule ufunguzi alionifundisha Baba Neema: askari wawili katikati wameshikana, unakaa nyuma yao unangoja. Mara tatu za mwisho Kevo ameuvunja huo Ukuta. Mara tatu mfululizo.

Baba Neema ananiambia njiani nitamshinda, nitulie tu. Yeye pia anafungua kwa askari wa malkia. Maisha yake yote. Anasema askari wa mfalme ni wa watoto wa shule.


Jumanne, 11 Machi

Nimefikiri nikipima maharagwe, nikampa mteja aina ya nyayo badala ya rosekoko. Amerudi akilalamika. Haki yake.

Sasa naliandika jambo hili waziwazi nilione.

Nikimpa Kevo Sadaka, naweza kushinda. Lakini Baba Neema atakuwa hapo ukumbini, ataona, na Kevo akisema "nionyeshe" nitaieleza mpaka mwisho. Fainali nitakwenda mikono mitupu mbele ya mtu ambaye sijawahi kumshinda.

Nikiiweka kwa ajili ya Baba Neema, Jumamosi inabidi nimshinde Kevo kwa Ukuta. Ukuta ambao ameuvunja mara tatu. Nikishindwa, Sadaka nimeiweka ya nini? Ya kuangalia?

Akiba haiozi, wanasema. Waje walione gunia langu la ndengu.


Alhamisi, 13 Machi

Mama Atieno wa mboga, jirani yangu wa kibanda, ameniuliza kwa nini siku hizi sina maneno. Nikamwambia naumwa na jino. Akanipa karafuu. Nimeitafuna mchana kutwa, kwa uongo wangu mwenyewe.

Nimeamua Ukuta. Nitacheza taratibu. Sadaka inangoja fainali.


Ijumaa, 14 Machi

Nimecheza Ukuta kwenye simu mara nne. Nimepoteza mara tatu.

Sijui tena nimeamua nini.


Jumamosi, 15 Machi

Nina hasira na furaha, sijui niandike ipi kwanza.

Kevo alikuja na vifaa vya simu mfukoni, akaketi, akanisalimia kama anavyowasalimia kina mama wote, "Sasa mathe," akasukuma askari wa malkia hata kabla Mwalimu hajamaliza kubonyeza saa. Nikatoa farasi. Hiyo bado ni Ukuta, bado ningeweza kurudi. Akaleta askari wa pili kando. Hapo ndipo pa kuamua. Nilimtazama. Mguu unatikisika chini ya meza, macho tayari yako mezani pa jirani. Huyu hataki kufikiri leo. Huyu anataka kula.

Nikasema moyoni, mtu hukata kiu mahali alipo na kiu. Nikamsukuma askari wa mfalme.

Akala. Bila kufikiri hata kidogo. Farasi wangu akaruka. Akamlinda askari wake kwa askofu. Nikatoa farasi wa pili, naye akatoa wake. Nikampa mfalme wake cheki kwa askofu, akaziba kwa farasi. Nikamleta malkia mbele ya mfalme wangu. Akasukuma askari wa pembeni kumfukuza askofu wangu, kama nilivyoomba. Sikumwondoa askofu. Nikala yule askari wa katikati kwa farasi, askofu nikamwacha palepale.

Kevo akaona askofu wa bure. Akamchukua.

Farasi akaingia. Mfalme wake yuko katikati ya watu wake mwenyewe, kila nyumba ya jirani imejaa. Kuna askari mmoja ambaye angeweza kumla farasi wangu, lakini malkia wangu alikuwa ameshikilia njia nyuma yake. Akitoka huyo, mfalme anabaki uchi. Kwisha. Mchezo haukufika hatua kumi.

"Zii, mathe! Zii! Hebu ngoja," Kevo akakataa kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka. Watu wakaja. Mwalimu Odongo akavaa miwani. Mumo, aliyekuwa anashindwa meza ya pili, akainuka kabisa kuja kutazama. Na Baba Neema nyuma yake, mikono kifuani.

Halafu Kevo, kwa heshima kabisa, akasema: "Nionyeshe."

Nikarudisha kete. Nikaeleza yote. Kwa nini askari ni wa bure. Kwa nini farasi anaruka. Mtego uko wapi. Mwalimu akaniuliza, na mweupe afanye nini ili awe salama? Ningependa kumeza ulimi. Nikajibu. Asishike askari, amrudishe, atoe watu wake taratibu, amfiche mfalme mapema. Nilijibu nikitazama meza, lakini nilijua nani anasikiliza kuliko wote.

Baba Neema alirudi akammaliza Mumo. Kwa hiyo fainali ni mimi na yeye. Mwalimu akaficha kete tena. Nikagusa kulia, nyeusi. Watu wakacheka, wakasema mama wa watu na nyeusi zake. Mimi sikucheka. Nimeshinda na nimebaki mtupu.


Jumapili, 16 Machi

Kanisani watu watatu wamenipa mkono. Mmoja hajui sataranji hata kidogo, kasikia tu kwamba nimemfunga kijana wa Buruburu.

Baba Neema alitangulia njiani. Chakula cha mchana nimekula nikingoja aseme kitu, hata "umejaribu". Mwisho akauliza, "Hiyo ulijifunza lini?" Nikamwambia mwaka jana. Akauliza wapi. Kibandani. Akaitikia kwa kichwa, akaomba chumvi.

Najua kilichomuuma si ufunguzi wenyewe. Ni kwamba miezi yote hiyo tumekaa meza moja usiku na mchana na mimi sikusema. Lakini ningesema ili iweje? Nikimwonyesha, ni yake. Kila nilicho nacho mezani kimetoka kwake. Nilitaka kimoja kiwe changu. Sioni kosa, na siombi msamaha.


Jumanne, 18 Machi

Jana hakupanga kete. Leo pia. Meza iko wazi, tumeweka birika.

Nimemkuta nje kwenye ngazi na simu. Akaizima haraka kama mtu aliyefumaniwa. Nilishaona ubao. Weupe, askari wa malkia, na mweusi anatoa Sadaka. Anaisoma. Bila shaka anaisoma. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.


Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza rasmi. Maji yameingia kibandani kwa nyuma, nimeinua magunia juu ya mbao. Mgongo unauma.

Nimempigia mwajiri wa Baba Neema, kwa kuwa mume wangu alikuwa amesahau kuniambia kama atachelewa. Kumbe lori la kazini kwao limekwama Industrial Area kwa mafuriko. Aliporudi amelowa hadi soksi. Nikamchemshia maji. Hatukutaja mchezo. Tulikuwa mume na mke tu, na nilifurahi.


Jumamosi, 22 Machi

Hakuna klabu. Ukumbi umechukuliwa na watu wa mchango wa matanga. Mwalimu kasema fainali ni Jumamosi ijayo bila kuahirisha tena.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu linauma kweli, sisemi kwa mafumbo.


Jumatatu, 24 Machi

Neema kapiga kwa simu ya shule. Baba yake akamwambia, "Mama yako ana mtego mkali sana, anautisha mtaa mzima." Alisema kwa kujivuna. Nilisikia kabisa, alikuwa anajivuna. Kisha alipokata simu akatoka tena kwenda kwenye ngazi.

Kabla simu haijakatwa, Neema aliniuliza amshangilie nani. Nikamwambia asome.


Jumatano, 26 Machi

Kevo amepita kibandani na jamaa wake, akanunua karanga. Akaniambia kila mtu klabuni sasa anatoa Sadaka. Jumamosi iliyopita, kwa kuwa hakukuwa na ukumbi, walicheza nje ya mahali pake pa kazi, na michezo yote ilikuwa Sadaka tupu. "Mathe, umeharibu mtaa," akasema. Akauliza kama nitaicheza tena kwenye fainali. Nikamwambia karanga ni hizo, nenda salama.

Lakini swali ni hilohilo. Kila anayeniona anauliza. Mama Atieno, ambaye hajui kutofautisha farasi na ngome, ameuliza. Mumo amenitumia ujumbe: "Usiitumie, ameshaiva." Mwalimu hakusema, ila alinitazama kwa miwani kama anayesubiri.

Nimecheza Sadaka kwenye simu leo na mtu mtulivu. Alinirudishia askari, akatoa watu wake taratibu, akamficha mfalme, akanibana kidogo kidogo mpaka nikakosa pumzi. Hivyo ndivyo Baba Neema atakavyocheza. Yeye hana haraka. Akishajua kitu, anakijua.


Ijumaa, 28 Machi

Nimeamua, na safari hii sigeuki.

Sadaka ilikuwa ya kuwashtua watu, na hakuna wa kushtuka tena. Kesho nikimsukuma yule askari nitakuwa nacheza ili watu waone, si ili nishinde. Kesho ni Ukuta. Baba Neema ameuvunja mara nyingi kuliko Kevo, najua, yeye ndiye aliyenifundisha kuujenga. Lakini naujua vizuri kuliko kitu chochote, na nitakaa nyuma yake hadi achoke. Ikishindikana, imeshindikana. Nakuru itabaki mahali ilipo.

Nimenyoosha shati lake na gauni langu la bluu. Yeye yuko nje kwenye ngazi na simu yake. Hajui nimeamua nini. Hilo tu ndilo nililo nalo.


Jumamosi, 29 Machi

Tulikwenda pamoja kwa miguu. Tope. Alinishika mkono kuvuka mtaro karibu na shule, kisha akauachia tulipofika mlangoni.

Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Viti vilijaa, wengine wamesimama ukutani. Wote walikuja kuona Sadaka. Mwalimu akasema hakuna kusema na hakuna kupiga makofi, hapa si uwanjani. Akabonyeza saa.

Baba Neema alikaa bila kugusa kete. Muda ukawa unakwenda, wake. Mkono wake ukaenda juu ya askari wa malkia. Ule mkono naujua, umefungua hivyo kila jioni tangu Neema hajazaliwa. Ukasimama hapo. Kisha ukahama. Akasukuma askari wa mfalme, hatua mbili.

Mtu ukutani akasema "Ai!" na Mwalimu akamtazama.

Mimi nilikaa tu. Nilichelewa kuelewa. Sadaka haiwezekani akifungua hivyo. Mlango wenyewe haupo. Amefunga mlango kabla sijaukaribia. Kwa muda mrefu nilidhani amenizidi akili tena, kama kawaida.

Halafu nikaelewa. Ameniogopa. Baba Neema ameniogopa mimi. Mtu aliyesema huo ni ufunguzi wa watoto wa shule amekwenda kuucheza siku ya fainali, kwa sababu ya mtego wangu.

Nilifurahi. Kisha nikamhurumia. Kisha nikaacha kumhurumia, kwa sababu saa yangu ilikuwa inakwenda.

Maana mimi askari wa mfalme namjua. Vijana wote klabuni wanafungua naye, na vijana ndio wanaokaa na mimi kila Jumamosi huku yeye akicheza na wakubwa meza za mbele. Nimempokea huyo askari mara nyingi sana. Yeye kama mweupe hajawahi kumtuma. Nikamjibu kwa askari wangu wa mfalme, uso kwa uso. Akatoa farasi, nikatoa farasi. Mpaka hapo alikuwa sawa. Baadaye nikaona anaanza kutafuta. Akamsogeza askofu mahali, akamrudisha. Akapoteza hatua. Akamsogeza askari wa pembeni bila sababu ninayoijua. Mfalme wake akabaki katikati, yeye ambaye hunigombeza nikichelewa kumficha wangu.

Sikukimbia. Nilifungua katikati kwa wakati wake, ngome zangu zikapata njia, na farasi wake mmoja akakosa pa kwenda. Nikamla. Akapigana. Haki ya Mungu alipigana. Kuna mahali alinitega kwa malkia na nusura niingie, mkono ulikuwa tayari hewani. Nikaurudisha mapajani, nikahesabu tena, nikaona.

Mwisho nilibaki na ngome na askari wawili wanaokimbia. Yeye na mfalme na askofu. Akautazama ubao muda mrefu. Akanyoosha mkono.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliwakataza. Lakini Kevo alikuwa ameweka mikono kichwani na mdomo wazi.

Mwalimu akamgeukia Baba Neema, akasubiri. Hii ndiyo desturi, aliyeshindwa aombe haki yake. Wote walisubiri. Baba Neema akasema, "Nimeona," akachukua koti, akatoka.

Nikabaki na ubao. Mwalimu akaandika jina langu kwenye karatasi ya timu. Kiti cha nne ni changu. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaifuta moja. Kiti cha nne ni changu.

Nyumbani nimemkuta amepika. Tulikula. Alilala mapema.


Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda kanisani, barabara imejaa maji. Nimechemsha chai. Mtaa kimya, redio ya jirani tu.

Baba Neema alikaa mezani, akasogeza birika pembeni. Hakupanga kete. Akaniambia, "Nionyeshe."

Nikamuuliza kutoka wapi. Akasema kabla ya mwanzo. Kama angefungua kwa askari wa malkia, kama siku zote, ningetoa Sadaka?

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ingemtuliza. Angejua kwamba alikwepa shimo la kweli. Lakini hiyo ni haki ya aliyeshindwa, na mimi ndiye niliyekula mkate wa hiyo sheria miaka yote. Nikamwambia hapana. Niliamua Ijumaa. Ningejenga Ukuta.

Alinitazama. "Ukuta? Ule wangu?"

Ule wako.

"Basi ningekushinda."

Pengine, nikasema. Mara nyingi umenishinda hapo.

Akageuza kikombe mezani, akageuza tena. Nilimwona akiurudia mchezo wote kichwani, ule tuliocheza na ule ambao hatukucheza. Sikumwingilia. Kisha akasema polepole kwamba kwa hiyo alijishinda mwenyewe.

Hapo nikakataa. Nilikasirika kidogo, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia Baba Neema, wewe ulisogeza askari mmoja tu usiyemjua. Zile hatua nyingine zote nilizicheza mimi. Farasi nilimla mimi. Ule mtego wa malkia niliuona mimi, mkono ukiwa hewani. Usininyang'anye.

Nilidhani atatoka tena. Akasema, "Ni kweli. Ulicheza vizuri." Hakusema nimejaribu.

Kisha akauliza gari la Nakuru linaondoka saa ngapi. Chai ilikuwa imepoa. Nikairudisha jikoni.